Mbona Mtoto Alizaliwa Mzima?

Leo tunazungumzia selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli.

Kuanzia Diani hadi Msambweni, kina mama huuliza: mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa. Mbona alipofika miezi sita viganja na nyayo zilivimba, macho yakawa manjano, damu ikapungua? Wengine husema amelogwa. Wengine humlaumu mama.

Jibu limo ndani ya damu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni mwilini. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, nayo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa, mwili huifunga hiyo polepole na kufungua ya kikubwa. Kasoro ya sikoseli imo katika ile ya kikubwa.

Ni nani anayefunga? Ni protini iitwayo BCL11A, ya ukoo mkubwa wa protini zenye "vidole vya zinki". Chembe ya madini ya zinki hushikilia umbo la kila kidole. Vidole hivyo hushika DNA, yaani maandishi ya urithi, mahali maalumu tu, kama ufunguo na kufuli lake. BCL11A ikishika penye jeni ya himoglobini ya kichanga, jeni hiyo hunyamaza. Haijapotea, imefungwa tu.

Hapo ndipo penye matumaini. Dawa ya haidroksiyurea huongeza tena himoglobini ya kichanga. Matokeo ya utafiti katika nchi nne za Afrika, uliohusisha watoto wa Kilifi, yalichapishwa 2019: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuizima BCL11A katika chembe zinazotengeneza damu, lakini gharama yake ni kubwa mno.

Basi mama, baba, nyanya: mtoto hakulogwa. Urithi huu hutoka kwa wazazi wote wawili. Wote wakiwa nao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Kama kuna sikoseli katika ukoo, mtoto apimwe mapema, usingoje avimbe. Mwenye sikoseli akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Haidroksiyurea usimpe bila daktari, kwani damu yake lazima ipimwe mara kwa mara.