Sokwe wa Visiwa Viwili: Funzo kwa Mwenye Kujitolea

Mtu asimamaye ufukoni mwa Bukoba hutazama maji yanayounganisha visiwa viwili asivyoweza kuviona. Upande wa kusini, kupita visiwa vya Wilaya ya Muleba, kipo Rubondo. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kipo Ngamba, umbali wa kilometa 23 hivi kutoka Entebbe. Katika visiwa vyote viwili wanaishi sokwemtu, lakini si wenyeji wa asili wa visiwa hivyo. Waliletwa huko na binadamu, baada ya binadamu wengine kuwatoa kwao kwa nguvu.

Habari za sokwe hao zinajibu swali ambalo vijana wengi wapendao wanyama hujiuliza. Ikiwa mtu ana majuma machache ya likizo na moyo wa kujitolea, je, awasaidieje wanyama waliookolewa katika nchi ya jirani?

Yatima hutoka wapi?

Mtoto wa sokwe hunyonya mpaka afikapo umri wa miaka minne au mitano. Katika muda huo wote humfuata mama yake, na kutoka kwake hujifunza matunda yapi huliwa na msimu gani, kiota cha kulalia hufumwaje juu ya mti kila jioni, na ni nani wa kuamkiwa na nani wa kuogopwa. Mama mwenyewe huzaa mara moja tu katika miaka mitano au sita.

Kwa sababu hiyo, mwindaji atakaye kumpata mtoto akiwa hai hawezi kumchukua hivi hivi. Humwua mama kwanza, na mara nyingi jamaa wengine wanaokuja kumtetea. Mtoto mmoja anayekutwa ndani ya sanduku la mfanya magendo ni dalili ya sokwe wakubwa kadhaa waliokwisha kufa msituni.

Askari wa wanyamapori wakimwokoa mtoto huyo, hawawezi kumrudisha porini siku ya pili. Hajui kujitafutia chakula, na sokwe wa porini hulinda eneo lao kwa ukali, hata wakaweza kumwua mgeni. Ndiyo maana yakaanzishwa makao maalumu. Makao ya Sweetwaters, katika Laikipia nchini Kenya, yalifunguliwa mwaka 1993 na kuwapokea sokwe waliohamishwa kutoka Burundi kwa ajili ya vita. Ngamba ilifunguliwa mwaka 1998. Mashariki ya Kongo, karibu na Bukavu, yapo makao ya Lwiro. Mwaka 2000 makao ya namna hii barani Afrika yaliunda muungano wao, ujulikanao kwa kifupi PASA.

Jaribio la Rubondo

Zamani kabla ya makao hayo, jambo la ajabu lilikuwa limekwisha kutendeka upande wa kusini wa ziwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaachilia sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, kwa makundi manne. Sokwe hao walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wangali wadogo, kisha wakakaa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Baadhi yao walikuwa wameishi kifungoni kwa miaka mingi.

Rubondo kilifaa kwa sababu tatu. Kwanza, ni kikubwa: kina eneo la kilometa za mraba 240 hivi, na sehemu yake kubwa ni msitu. Pili, hakikuwa na simba wala chui. Tatu, hakikuwa na sokwe wengine wa kuwapinga wageni. Wakazi wake wa awali walikuwa wamehamishwa, na kisiwa kikawekwa chini ya ulinzi.

Sokwe walilishwa kwa muda mfupi tu, kisha wakaachwa wajitegemee. Katika muda wa mwaka mmoja hivi walionekana wakila matunda ya porini na kufuma viota. Wakazaliana. Mwaka 1977 Rubondo kilifanywa Hifadhi ya Taifa, na leo uzao wa sokwe wale inakadiriwa kuwa umezidi 50. Wengi wao wakimwona binadamu hukimbia, kana kwamba babu zao hawakupata kuona kizimba.

Hata hivyo, jaribio hilo lilikuwa na hasara yake. Baadhi ya madume yaliyozoea kuishi na watu hayakuwa na hofu yoyote. Yalishambulia watu, na mawili yakapigwa risasi. Ikumbukwe kwamba sokwe dume aliyekomaa ana nguvu nyingi kuliko mtu, na meno makali. Mazoea yaliyowafanya kuwa vipenzi vya watazamaji wa Ulaya ndiyo yaliyowaletea kifo Rubondo.

Tena, sokwe wa Afrika Magharibi ni wa nususpishi nyingine, si ile ya sokwe wa asili wa Tanzania wanaoishi upande wa Ziwa Tanganyika. Kwa kanuni za leo, wanasayansi wangetaka asili na afya ya kila mnyama ichunguzwe kabla ya kufunguliwa. Kwa hiyo Rubondo ni funzo kubwa, lakini si mfano wa kuigwa popote.

Kwa nini Ngamba si Rubondo

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini basi sokwe wa Ngamba wasiachwe wajitegemee vivyo hivyo? Jibu ni hesabu nyepesi. Ngamba kina hekta 40 hivi, yaani chini ya nusu ya kilometa moja ya mraba, na sokwe wake ni 50 hivi. Kundi la ukubwa huo porini huhitaji kilometa za mraba nyingi ili lipate chakula mwaka mzima. Msitu wa Ngamba huwapa kivuli, matawi ya kuchezea na majani ya kutafuna, lakini hauwezi kuwashibisha. Hapana budi waletewe uji, matunda na mboga kila siku.

Mchana sokwe hutembea msituni. Jioni wengi hurudi wenyewe katika nyumba ya kulala. Uzio wa umeme hutenga msitu na mahali pa watu. Majike huwekewa dawa ya kuzuia mimba, maana kila mtoto azaliwaye huchukua nafasi ya yatima mmoja atakayeokolewa kesho.

Kazi ya mwenye kujitolea

Ngamba hupokea watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Kijana wa Bukoba yuko karibu kuliko wengi wao: hupita Mutukula na Masaka hadi Entebbe, kisha huvuka kwa mashua. Lakini aendaye huko akitumaini kumpakata mtoto wa sokwe na kupigwa picha amekosea njia. Kazi yenyewe ni kuosha na kukatakata matunda, kusafisha vyumba vya kulala, kutengeneza vitu vya kuchezea ambamo chakula hufichwa ili mnyama atumie akili kukitoa, kuandika kumbukumbu, na kuwaelimisha wageni.

Pengine mtu ataona kwamba huko ni kunyimwa thawabu ya wema wake. La, sivyo. Sokwe aweza kuishi miaka 50. Mgeni hukaa majuma matatu. Mtoto aliyeona mama yake akiuawa hushikamana upesi na yeyote amkumbatiaye. Mtu huyo akiondoka, mtoto amefiwa mara ya pili. Akija mwingine na kuondoka, mara ya tatu. Ndiyo sababu ulezi wa watoto hupaswa kuwa wa watumishi wa kudumu, nao humwunganisha mtoto na sokwe wenzake mapema iwezekanavyo. Makao yanayomruhusu kila mpita njia kuwabeba watoto kwa malipo yanastahili kutiliwa shaka.

Umbali ni dawa

Sababu ya pili ni maradhi. Sokwe ni ndugu wa karibu wa binadamu kwa damu na kwa chembe za urithi, kwa hiyo magonjwa mengi ya watu humpata. Mwaka 1966, mwaka ule ule sokwe wa kwanza walipofika Rubondo, ugonjwa uliofanana na polio uliwalemaza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua sokwe kadhaa wa Mahale, na uchunguzi ulionyesha virusi vinavyohusiana na vile vya binadamu. Mafua yanayompotezea mwanafunzi siku mbili za masomo yaweza kuangamiza jamaa nzima ya sokwe.

Kwa hiyo mwenye kujitolea hutazamiwa kuonyesha vyeti vya chanjo na kupimwa kifua kikuu, na akiwa na mafua hukaa mbali na wanyama. Wageni wanaowatazama sokwe wa porini katika hifadhi za Tanzania nao hutakiwa kukaa umbali wa meta 10 hivi. Umbali huo si ukosefu wa upendo. Ni dawa itolewayo kabla ya ugonjwa.

Kazi iliyo karibu na shule

Si lazima kuvuka mpaka ili kujitolea. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kufuga mnyamapori bila kibali. Hivyo tumbili aliyefungwa kamba kiunoni nyuma ya duka naye ni mateka, na mwanafunzi atoaye habari kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya amefanya kazi ile ile ifanywayo Ngamba.

Walimu wa Biolojia waweza pia kuwazoeza wanafunzi kazi ya utafiti. Pale tumbili wanapopatikana, kila mwanafunzi achague mmoja na kumtazama kwa saa moja. Kila baada ya dakika tano aandike mnyama anafanya nini: anakula, anatembea, anapumzika, anacheza au anasafishana manyoya na mwenzake. Mwishoni watafute asilimia ya kila tendo na kulinganisha majibu. Sharti ni mawili tu: wasiwape tumbili chakula, na wasiwasogelee. Mwanafunzi akiweza kumaliza saa hiyo bila mnyama kubadili mwendo wake kwa ajili yake, amekwisha kuanza kufaa kwa kazi ya Ngamba.