Nani aliliingiza trekta barabarani?

Kwenye ubao wa kibanda cha fundi pikipiki mmoja wa Mwaya, Kyela, kati ya tyubu zilizozibwa viraka na karatasi ya bei za oili, imebandikwa picha isiyo na pikipiki hata moja. Ni picha ya trekta. Limesimama kwenye barabara ya lami, mvua inamwagika hadi miti ya nyuma haionekani, na chini yake fundi ameandika kwa wino mzito miaka mitatu: 1994, 2014, 2022.

Mwaya nilikwenda kwa habari ya kakao na mnada wa stakabadhi ghalani, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili wanalifahamu vizuri. Pikipiki iliyonibeba ikapata pancha, ndipo nikajikuta mbele ya ubao ule. Trekta si kitu cha ajabu huku. Kyela ni nchi ya mpunga, na msimu ukifika matrekta na pawatila yanashinda kwenye mabonde mpaka kiza. Lakini hili ni la Japani, kwenye uwanja wa mashindano ya magari wa Suzuka, na fundi analichukia kama anavyochukiwa mtu.

"Hapo palitakiwa pasiwe na kitu," aliniambia huku akisugua tyubu kwa msasa. "Gari linakuja mbio, mvua, halioni mbele. Wewe unapeleka trekta. Halafu kesho unasema dereva alikimbia."

Fundi huyu, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe, ni mfuasi wa mbio za Formula 1 tangu zamani. Huzifuata kwenye simu, kwa bando la kuungaunga, mara nyingi vipande vifupi baada ya mbio kwisha. Vijana wa bodaboda wanaoegesha kibandani kwake wamemwiga, na sasa jina la FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, linatajwa pale kwa hasira ileile ambayo vibanda vingine huitumia kuwataja marefa.

Miaka ile mitatu ni hii. Mwaka 1994, mbio za Suzuka zikiendelea kwenye mvua kubwa, Martin Brundle aliteleza akatoka barabarani mahali ambapo gari la mwenzake lilikuwa likiondolewa. Alilikosa trekta kwa bahati, akamgonga mmoja wa wasimamizi wa njia na kumvunja mguu. Miaka 20 baadaye, Oktoba 5, 2014, uwanja uleule, mvua ileile, gari la Adrian Sutil liliteleza likaishia kwenye kizuizi. Trekta likatumwa kulitoa. Mzunguko mmoja baadaye Jules Bianchi, kijana wa Kifaransa, akateleza mahali palepale. Hakukuta kizuizi cha matairi. Alilikuta trekta.

Hapa fundi aliacha kazi. Alichukua futi yake ya chuma, akanivusha barabara hadi kwenye trekta la kukodi lililokuwa likisubiri dereva wake, magurudumu yakiwa bado na tope la shambani. Akasimamisha futi chini, akaweka kidole kwenye mita moja, juu kidogo ya kiuno chake. Gari la Formula 1, alieleza, kimo chake ni kama hapo, na dereva hakai, analala. Kofia yake iko chini ya kidole. Kisha akaisogeza futi ileile pembeni ya trekta, nyuma, palipo na ekseli na chuma cha kukokotea jembe. Kidole kikawa kinaelekea kwenye chuma. Akachutama, akanitaka nichutame pia, tukaangalia chini ya trekta hadi upande wa pili.

"Gari la kawaida linagonga kwa bampa," alisema. "Hili linaingia. Kinachogonga ni kichwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Ripoti ya FIA yenyewe ilisema gari la kilo 700 liligonga mtambo wa kilo 6,500 likiwa kwenye kasi ya kilomita 126 kwa saa. Bianchi hakuzinduka. Alifariki Julai 17, 2015, akiwa na miaka 25, dereva wa kwanza wa Formula 1 kufa kwa majeraha ya mbio tangu Ayrton Senna mwaka 1994.

Jopo la watu kumi liliundwa, likaandika kurasa 396. Sentensi iliyoenea duniani ni ile iliyosema Bianchi hakupunguza mwendo vya kutosha. Na kweli hakupunguza vya kutosha; bendera mbili za njano zilikuwa zikipepea, nazo zinamtaka dereva awe tayari hata kusimama. Lakini kiasi cha kupunguza kiliachwa kwa kila dereva aamue mwenyewe, katikati ya mashindano ambayo anayepunguza zaidi ndiye anayepitwa. FIA ilikiri hilo kwa vitendo: kuanzia 2015 ukaletwa utaratibu unaomwonyesha kila dereva kasi asiyotakiwa kuivuka wakati wa hatari, na saa ya kuanza mbio za Suzuka ikarudishwa nyuma ili giza lisiwakute njiani. Mwaka 2018 ikaja fremu ya chuma inayokinga kichwa. Haya ni mambo ya maana na yameokoa watu.

Halafu ikaja Oktoba 9, 2022. Suzuka tena, mvua tena. Carlos Sainz aligonga ukuta mzunguko wa kwanza, gari la usalama likatoka kuongoza msafara, na trekta likaingia njiani huku magari yakiendelea kupita. Pierre Gasly, Mfaransa kama Bianchi, alikuwa nyuma akiukimbilia msafara baada ya kutengenezewa gari. Katika ukungu wa maji alipita kando ya trekta asiloliona hadi alipolifikia. Sauti yake redioni ilikuwa ya mtu aliyeona kaburi. Baadaye alisema wazi kwamba angeyumba kidogo tu angekuwa marehemu. Baba yake Bianchi aliandika mtandaoni kwamba hakukuwa na heshima kwa uhai wa dereva wala kwa kumbukumbu ya mwanawe. Madereva wenzake Gasly wakaungana naye, na mashabiki duniani kote wakawaka.

Jioni ile uamuzi wa kwanza kuhusu tukio hilo ulimhusu Gasly. Aliongezewa sekunde 20 na kupewa pointi mbili za adhabu, kwa kuendesha zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na mahali pengine 251, wakati bendera nyekundu ya kusimamisha mbio imeshatolewa. Kosa lilikuwepo na mwenyewe alilikubali. Ila nadhani ndipo mashabiki walipochomwa zaidi, na fundi wa Mwaya pamoja nao: dereva alihukumiwa siku ileile, aliyetuma trekta akasubiri uchunguzi. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Oktoba 21. Ilisema kwamba, ukitazama nyuma, ingekuwa busara kuchelewesha kulipeleka trekta njiani. Mkurugenzi wa mbio aliyekuwa zamu Suzuka hakuendelea na zamu msimu ule; kazi ikabaki kwa mwenzake. Rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, ni mtu aliyekaa kwenye usukani, bingwa wa rali wa Mashariki ya Kati mara 14, na hilo lilifanya baadhi ya mashabiki watarajie lugha yenye uchungu zaidi kuliko neno busara.

Nilimuuliza fundi kwa nini jambo la Japani linamkera hivi, mtu wa Mwaya ambaye hajawahi kuona mbio hizo kwa macho. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya na kuiacha kakao ingoje wiki nyingine.

Kabla ya kuwa fundi alikuwa utingo wa lori, barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na kuteremka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Lori likiharibika, kazi ya kwanza ya utingo ni matawi. Anashuka na panga, anakata matawi yenye majani mengi, anayapanga barabarani nyuma na mbele ya gari. Kila msafiri wa nchi hii ameyaona. Wengi wetu tunayakwepa tu bila kujua kwamba yana elimu yake.

Tawi la kwanza, alinifundisha, haliwekwi karibu na gari. Linawekwa kabla ya kona, ili anayekuja alione kabla hajaikunja. Kwenye mteremko unakwenda mbali zaidi, kwa sababu semi lililobeba mzigo halisimami pale dereva anapotaka. Usiku majani hayaonekani. Unatafuta kopo linalong'aa au unakaa na tochi. Mvua ya Tukuyu ikinyesha matawi yanasombwa, unarudi kukata mengine. "Unaweza kulala nje siku mbili unapanga majani," alisema. Pembetatu nyekundu za rifrekta sheria inazitaka, naye hakatai kuwa walikuwa nazo. Zilikaa kwenye kabini kwa ajili ya kumwonyesha trafiki, maana zikiachwa barabarani zinaibwa.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisikia kwa mtaalamu yeyote wa usalama barabarani. Lori likipona linaondoka, matawi yanabaki. Hakuna utingo anayerudi nyuma kuyaokota huku dereva amewasha gari. Kesho yake anayepita anapunguza mwendo, anakunja kona, hakuti kitu. Keshokutwa hivyohivyo. Siku ya nne haamini tena majani, na siku hiyo ndiyo lori lipo.

"Ile bendera ya njano ni matawi," alisema. "Wakipepea kila mara, dereva anazoea. Usimlaumu peke yake. Mlaumu na aliyeacha matawi, mlaumu na aliyeacha lori."

Nilinyamaza, kwa sababu mimi ni mwandishi wa habari na nimeandika taarifa nyingi za ajali za mkoa huu. Zinafanana. Idadi ya waliofariki, namba za magari, kisha mstari unaosema chanzo ni mwendokasi wa dereva. Mara nyingi dereva mwenyewe ni miongoni mwa marehemu. Kama aligonga lori lililoharibika, hilo huingia kwenye taarifa kama mahali pa tukio, si kama sababu. Lilikaa pale saa ngapi? Nani alipigiwa simu? Gari la kuvuta lilikuwa wapi? Kwenye miteremko ya Iwambi, Inyala na Mlima Nyoka maswali haya yangejaza daftari.

Kuna wakati Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake, ingawa la matajiri. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa, zenye mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Katika miaka ya baadaye timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari lao, mtu akiangalia kutoka juu na kumwambia dereva redioni: kuna lori, kuna kundi la mbuzi, kuna watu. Ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea 2021, Naivasha, njia za mbio zilikuwa zimefungwa. Fundi anaikumbuka helikopta kwa hadithi za madereva wa malori waliomtangulia. Anachouliza ni kwa nini anayekimbilia kombe alipewa jicho la juu, na anayepeleka mgonjwa Ipinda usiku kwa bodaboda hapewi hata taa kwenye lori bovu.

Sikuwa na jibu la kumpa. Sijui pia kama FIA imeshajifunza kweli, au kama imebahatika tu tangu Gasly apite salama. Kilicho wazi kwangu ni kwamba hasira ya mashabiki si ya watu wasiojua mchezo. Wanajua mbio ni hatari na wanakubali dereva akosee. Wanachokataa ni chombo chenye mamlaka ya kufungua na kufunga njia kuanza hesabu kwenye mguu wa dereva. Mimi nakubaliana nao, na nadhani hesabu hiyohiyo inafanywa vibaya kwetu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kikosi cha usalama barabarani, kwa wakala wa barabara, na kwa sisi waandishi tunaonakili taarifa bila kuuliza. Ajali ikitokea nyuma ya gari bovu, taarifa iseme gari hilo liliharibika lini, ni la nani, liliwekewa alama gani, umbali gani, na nani alikuwa na wajibu wa kuliondoa. Mwendo wa dereva uandikwe pia, kwenye mstari unaofuata.