Njiwa: Majina Yake na Mitego Yake

Mgeni ajifunzaye Kiswahili akiuliza jina la ndege wa kijivu atembeaye uani, huambiwa kuwa ni njiwa. Kesho yake akiuliza jina la yule mdogo aliaye vichakani, huenda akaambiwa njiwa tena. Basi hudhani kwamba lugha yetu ina neno moja tu kwa ndege hao wote. Sivyo. Njiwa ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo mna majina mengine ambayo mtegaji ndiye ayajuaye zaidi. Kwa maana kila jina lina tabia yake, na kila tabia ina mtego wake. Tumekusudia kueleza hapa majina hayo na namna ndege hao wanaswavyo katika pwani yetu na visiwa vya Unguja na Pemba, kisha kuonyesha hasara itakayotupata tukiacha majina hayo yapotee.

Tetere ni ndege wa mashamba na njia za miguu, mwenye rangi ya vumbi, aokotaye mbegu chini. Pugi ni mdogo kuliko tetere. Hukaa vichakani, ana madoa yang'aayo mbawani, naye akiruka huonyesha wekundu. Hua hutajwa mahali pengi kwa njiwa wa porini, na wafasiri wa Biblia walilitumia neno hilo ili kumtenga na njiwa wa kufugwa. Ninga ni wa rangi ya kijani, hukaa juu mitini na kula matunda. Majina haya huhama kidogo toka mji hata mji. Aitwaye tetere hapa huenda akaitwa hua kule. Kwa hiyo mwenye kuyakusanya na aandike pamoja na jina rangi ya ndege, chakula chake na mahali alipoonekana.

Wa mwisho ni njiwa manga, naye jina lake ni hati ya safari yake. Manga ni jina la kale la nchi ya Waarabu, hasa pande za Omani, na wazee walilitia katika vitu vingi vilivyovuka bahari: pilipili manga, komamanga, na njiwa manga. Ndege huyu si mwenyeji wa pwani hii. Asili yake ni njiwa wa majabali wa nchi za kaskazini, aliyefugwa na wanadamu tangu zamani sana, akachukuliwa huku na huku. Wengine waliwaacha wafugaji wao, wakajizalia wenyewe katika mapaa na minara ya miji.

Tofauti hii ya mgeni na mwenyeji huleta hukumu mbili. Njiwa wa mwituni hana mwenyewe, ni mali ya amnasaye. Lakini njiwa manga arudiye jioni katika nyumba yake ana bwana, hata akionekana mbali akila katika uwanja wa mtu mwingine. Amnasaye huyo hakuwinda, ameiba. Ndiyo sababu mtegaji mwenye adabu huuliza kwanza nani afugaye njiwa katika mtaa, ndipo atandaze mtego.

Sasa tuitazame mitego. Tetere na pugi hula chini, basi hutegwa chini. Ufito mbichi huchomekwa na kupindwa, ncha yake hufungwa uzi wenye tanzi, na tanzi hutandazwa juu ya mtama au mchele uliomwagwa. Ndege akigusa kijiti kilichouzuia ufito, mtego hufyuka na tanzi humkamata. Wengine hufunga matanzi mengi ya singa za mkia wa ng'ombe katika mti mmoja, wakaulaza pale ndege wapitapo. Wakati wa kiangazi mahali pazuri kupita pote ni penye maji, kwa kuwa njiwa alaye nafaka kavu lazima anywe. Tena hunywa kwa kufyonza, mdomo umo majini, hainui kichwa kila mara kama kuku.

Njia nyingine ni tundu lenye mlango uangukao. Ndani, katika chumba chake peke yake, hutiwa ndege aliyezoezwa, apate kuwaita wenzake. Amsikiaye huja, huingia, na mlango hujifunga.

Lakini ninga hashuki chini kufuata mtama. Chakula chake ni matunda ya mkuyu na miti mingine, basi mtegaji humfuata huko juu kwa ulimbo. Utomvu wa mfenesi hupikwa hata uwe mzito na wenye kunata, kisha hupakwa vijitini katika tawi lenye matunda yaliyoiva. Ndege akitua, miguu hushikwa; akipigapiga mbawa, nazo hushikwa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watu wa pwani hujisumbua kwa matanzi na matundu, na jiwe la manati ni rahisi. Jibu moja limo katika dini ya walio wengi huku. Kwa Mwislamu ndege aliyekufa kwa pigo la jiwe kabla ya kuchinjwa ni kibudu, hafai kuliwa. Mtego umletao ndege hai ndio umpao nafasi ya kuchinja. Nasi twaona kwamba ndege aletwaye hai aweza pia kutazamwa, akatambuliwa, na akiwa si wa kuliwa akaachwa.

Hapo ndipo penye shauri letu. Ninga wa bara ni wa nchi nyingi za Afrika. Ninga wa Pemba, mwenye kichwa na kifua cha kijivu, ni ndege mwingine, hapatikani popote duniani ila Pemba na visiwa vidogo vilivyo kando yake. Wapemba walikuwa wakimwita ninga siku zote. Wataalamu wa ndege walipata habari zake kwa maandishi ya R. H. W. Pakenham mwaka 1940. Misitu ya asili ya kisiwa hicho ilikatwa sana kwa ajili ya mikarafuu, na sehemu kubwa iliyobaki ni ile ya Ngezi, upande wa kaskazini. Njiwa manga akipungua mjini, wengine wataletwa. Ninga wa Pemba akiisha, hakuna bandari wala jahazi litakalomleta mwingine.

Asidhani mtu kwamba wingi ni kinga. Huko Marekani ya Kaskazini palikuwapo njiwa wa kuhama, ambao makundi yao katika karne ya 19 yalihesabiwa kwa maelfu ya milioni, yakitia jua kivuli. Wawindaji waliwanasa kwa nyavu, wakitumia ndege wa kuitia kama sisi, na magari ya moshi yakawapeleka sokoni. Wa mwisho alikufa kizuizini Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Siku hizi katika jimbo la Texas sheria humpa mwindaji kikomo cha njiwa wenyeji 15 kwa siku, lakini njiwa mgeni mwenye utepe mweusi shingoni, ambaye wazee wake walitoroka tunduni huko Bahamas katika miaka ya 1970, hana kikomo. Sheria hiyo haina maana kwa mtu asiyeweza kumtenga huyu na yule.

Wahenga walisema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Neno hilo lafaa hasa kwa ulimbo, maana ndege abanduliwaye ulimboni, manyoya yameshikamana, haruki tena hata akiachwa. Kwa hiyo twawashauri wategaji wa Pemba wauache ulimbo katika miti ya matunda ya mwitu, wakatege tetere kwa tundu. Na popote, ndege akiwa na makinda asiguswe, kwa kuwa njiwa hutaga mayai mawili tu, au moja, na dume na jike hulisha pamoja. Nasi waalimu tusitosheke mtoto ajibupo, “Njiwa.” Tumwulize, “Njiwa yupi?”