Siumwi, nilipie bima ya nini? Hesabu ya kadi ya afya na dawa dirishani

Kuna swali utalisikia kwenye daladala ya Tengeru, na utalisikia pia kwenye kantini ya chuo: "Mimi siumwi, nilipie bima ya nini?" Ni swali la haki kabisa. Leo tulijibu kwa hesabu, bila mahubiri.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Malaria inakupiga, unatibiwa, unarudi kazini. Presha na kisukari ni habari nyingine, kwa sababu dawa ni za kila siku, mwezi baada ya mwezi. Asiye na kadi ananunua kwa kadiri ya hela iliyopo mfukoni: vidonge vya wiki badala ya mwezi, halafu anaruka siku mbili tatu akisubiri siku ya soko. Presha mara nyingi haiumi. Inapanda kimya kimya huku ikiharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo. Kiharusi kikija, au figo zikigoma, gharama inakuwa kubwa mara nyingi kuliko vile vidonge vilivyorukwa.

Sasa hebu tufikirie kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru chenye kaya 100. Namba hizi tumezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kaya 10 zina mgonjwa wa kudumu, na kila moja inatumia shilingi 300,000 kwa mwaka. Kaya 90 zilizobaki zinatumia 20,000 kila moja. Jumla ni shilingi 4,800,000. Wote wakichangia sawa, kila kaya inatoa 48,000, na mgonjwa anapata dawa zake.

Lakini kujiunga ni hiari. Kaya 60 zenye afya zinapiga hesabu: "Natumia 20,000, kwa nini nitoe 48,000?" Zinatoka. Zinabaki kaya 40 zenye gharama ya 3,600,000, na mchango unapanda hadi 90,000. Hapo zile 30 zenye afya zilizobaki nazo zinaondoka. Wanabaki wagonjwa peke yao, na mchango ni 300,000, yaani bei ile ile ya kuugua. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini bima imekufa.

Jambo hili limeshatokea kwetu. Kadi ya Toto Afya ya NHIF ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walikuwa wanamsajili mtoto akishaumwa, matumizi yakazidi michango, na Machi 2023 NHIF ikasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja. Kiukweli mzazi hana kosa hapo. Utaratibu ulimruhusu asubiri, naye akasubiri.

Mwajiriwa hana nafasi ya kusubiri. Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa yeye na nusu mwajiri, awe mzima au mgonjwa. Mama anayeuza ndizi soko la Kilombero, dereva wa bodaboda na mkulima wa kahawa hawana mshahara wa kukatwa. Kwa watu kama hao ilianzishwa CHF iliyoboreshwa mwaka 2018, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Matibabu yalianzia zahanati, na kwa rufaa mtu aliweza kufika hospitali ya mkoa, yaani Mount Meru kwa watu wa Arusha.

Na hapa kuna gurudumu la pili. Mwenye kadi anafika dirishani anaambiwa: "Dawa hii hatuna, kanunue nje." Duka la nje linataka hela taslimu. Mwaka unaofuata halipii tena, na majirani wanasikia. Mfuko unapungua, dawa zinapungua, na wanaotoka wanaongezeka.

Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima, pamoja na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Sheria hiyo inalenga gurudumu la kwanza kwa kuwaingiza wazima na wagonjwa pamoja. La pili halisimamishwi kwa kulazimisha watu kujiunga. Linasimama dawa ikiwepo dirishani siku mgonjwa anapoihitaji.

Kwa sasa, mambo matatu:

1. Ulizia vifurushi na bei za mwaka huu ukiwa mzima, hasa ukishauza mazao.
2. Ukilazimika kununua dawa nje, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, kama amlodipini au metformini, badala ya jina la kampuni. Kisha muulize mfamasia kama ipo ya bei nafuu iliyosajiliwa.
3. Hela ikipungua, usikate dozi kimya kimya. Mwambie daktari, mara nyingine kuna dawa mbadala unayoimudu.