Matundu manne, vizibo vitatu: sanduku ya kugawa maji kwa zamu

Kwenye milima yetu ya Kivu kiangazi ni wakati wa bustani: shu, vitunguu, nyanya, lengalenga. Ni wakati wa ugomvi wa maji pia. Ile chemchem iliyojaza mufereji mwezi wa 4, mwezi wa 7 inabaki maji kidogo tu, na vikundi vinne viko vinaitazama. Munajua maneno yanayofuata: "Ni nani alikata maji yetu usiku?"

Makala hii inaeleza namna ya kujenga kifaa kinachopeleka maji kwa kikundi kimoja, halafu kwa kingine, na ambacho kila mutu anaweza kukisoma kwa macho.

Kwanza, kwa nini zamu? Kwa nini tusigawe maji mara nne, kila mutu apate yake muchana na usiku? Pima. Weka ndoo ya litre 20 chini ya tiyo na uhesabu. Tuseme inajaa kwa sekonde 10: ni litre 2 kwa sekonde, ni kusema litre 7,200 kwa saa. Ukizigawa mara nne, kila kikundi kinapata nusu litre kwa sekonde, na katika mufereji wa udongo maji kidogo namna hiyo yananyweka njiani. Wa mwisho kule chini anapata matope. Lakini litre 2 zote zikienda pamahali pamoja kwa saa 2, ni litre 14,400. Juu ya are 10, hizo ni milimetre 14 za maji. Mboga, wakati wa jua kali, zinakunywa karibu milimetre 5 kwa siku. Basi zamu moja inawatosha karibu siku tatu.

Mafundi wengi wakisikia "zamu" wanafikiri mara moja vane nne za chuma, moja kwa kila kikundi. Zinang'aa, zinapendeza kwenye picha. Mimi sizipendi kwa kazi hii. Mutu anaweza kufungua mbili pamoja, na ukisimama mbali hauoni kitu. Muchanga wa muto unakwaruza mupira wa ndani, na kisha misimu michache vane inavuja hata ikifungwa. Mbaya zaidi, mutu anaweza kufunga zote nne. Hapo tiyo inabeba uzito wa maji yote kutoka juu. Kila metre 10 za mutelemuko ni karibu bar 1. Tiyo iliyoandikwa PN 6 inavumilia bar 6, ni kusema metre 60. Kama chemchem iko metre 80 juu ya mashamba, kufunga vane zote ni kuomba tiyo ipasuke. Na ukifunga kwa haraka, maji yaliyokuwa yanakimbia yanapiga tiyo kama nyundo, hata pasipo mutelemuko mukubwa.

Kifaa kizuri kinapaswa kukataa makosa hayo chenyewe, bila kungojea mulinzi.

Jenga sanduku ya matofali ya kuchoma na simenti, wazi juu, ndani metre 1 kwa metre 1, urefu wa santimetre 75. Tiyo ya kuingiza ipite upande mumoja, kwenye santimetre 60 kutoka chini, ili maji yaanguke na muweze kuyapima kwa ndoo. Mbele yake weka ukuta mudogo wenye matundu chini: maji yanatulia, na muchanga unabaki nyuma yake. Kwa kuwa sanduku iko wazi, nguvu yote ya mutelemuko inaishia hapo, na matiyo ya chini hayasumbuki tena.

Katika sakafu, kabla ya kumwaga beto, panga kude tano za 90, zile tiyo zilizokunjwa kama kiwiko, shingo pana ikitazama juu. Nne ni za vikundi. Ya tano inarudisha maji mutoni. Iteremshe kidogo kuliko zingine ili ukiosha sanduku uchafu wote uende huko. Zile nne ziwe kwenye nivo moja kabisa.

Sasa vizibo. Kizibo ni kipande cha tiyo ya 90, wazi pande zote mbili, kilichokatwa santimetre 55 juu ya sakafu. Kinasimama ndani ya shingo bila kola. Maji hayawezi kupanda juu yake, basi njia ile imefungwa. Ukikingoa, maji yanatoka. Kwa tundu la tano kata kipande cha santimetre 40 na ukipake rangi nyekundu. Kama jani au chura ameziba tundu lililo wazi, maji yanapanda mpaka 40, yanaingia katika ile nyekundu na kurudi mutoni. Hayamwagiki juu ya ukuta, hayazamishi shamba la mutu ambaye zamu yake haijafika.

Na hapa ndipo akili ya kifaa iko: kwa matundu manne ya vikundi, kata vizibo vitatu tu. Cha nne musikate kamwe, hata president wa koperative akiomba. Kikundi kinachoanza zamu kinangoa kizibo chake, na kile kizibo mukononi kina pamahali pamoja tu pa kwenda: tundu la waliomaliza. Njia mupya inafunguka kabla ya ile ya zamani kufungwa, na hakuna siku yote yatafungwa. Mutu akiiba maji, matundu mawili yanabaki wazi na kizibo kimoja kinakosekana. Hata mutoto anayepita anaona.

Mambo madogo ya fundi: nunua kude zenye mupete wa mupira ndani ya shingo, na upake sabuni ili kizibo kitoke bila kupigana nacho. Lainisha ncha kwa tupa. Toboa juu na upitishe kachuma ka kushikia. Funika sanduku, kwa sababu jua linafanya tiyo ya plastiki ivunjike ovyo. Mvua ikinyesha na hakuna anayetaka maji, fungeni kule juu kwenye chemchem, si hapa.

Wale wanaopandisha maji kwa motopompe hawawezi kutumia sanduku hii mahali ambapo maji yanahitaji nguvu, kwa mufano kwa kunyunyiza. Hapo tafuteni robine ya njia tatu, na muulize duka kama tundu lake ndani liko kama herufi L au T. Ya L inapeleka maji huku ama kule. Ya T inaweza kuyapeleka pande zote mbili pamoja. Na mukono wake uzungushwe mpaka mwisho, usiachwe katikati: pompe ikizunguka njia zote zikiwa zimefungwa, maji ndani yake yanachemka na mupira wa kuzuia uvujaji unaungua.

Jenga sanduku mwezi wa 5, wakati maji ingali mengi ya kujaribia. Beto iachwe siku 7 ikimwagiwa maji asubuhi na jioni, kabla ya kuingiza ya mufereji.