Dada wawili, daftari mbili: kufuata sukari unapopunguza chakula

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mitihani. Tunazungumza juu ya ugonjwa wa sukari, kwani katika vikao vyetu vya jioni na wazazi swali moja limerudi mara tatu: eti ni kweli mtu akila kidogo sana sukari inapona? Na kama ni kweli, sisi ambao posho yetu ilipunguzwa mwaka 2025, mbona hatuponi?

Aliyeuliza wa kwanza ni mama mmoja ambaye wengi mnamfahamu. Jina tunaliacha, yeye mwenyewe ameomba hivyo. Ni mmoja wa sisi tuliovuka ziwa Januari 2018 toka upande wa Fizi, tukashukia Rumonge na mabunda yetu kichwani. Sisi tukapakiwa kwenye magari tukaletwa kambini. Dada yake mkubwa yuko kulekule Rumonge, aliolewa huko zamani, anauza ndagala na mawese sokoni. Wote wawili wana sukari ya aina ya pili, kama marehemu mama yao. Tofauti ni kwamba mkubwa alikuwa na kilo 96, na mdogo alikuwa na kilo 52.

Mkubwa ndiye aliyesikia habari hiyo kwanza, akampigia simu mdogo wake. Na habari yenyewe si ya uongo. Mwaka 2011 huko Newcastle, Uingereza, Profesa Roy Taylor na wenzake waliwapa wagonjwa 11 chakula cha kalori 600 kwa siku, muda wa wiki 8. Baada ya wiki moja tu sukari yao ya asubuhi ilishuka karibu na ya mtu mzima wa afya. Maelezo yao ni kwamba kwa watu hao mafuta yalikuwa yamejaa ndani ya ini na kongosho, na yalipopungua, viungo vikaanza kazi tena. Mwaka 2017 wakatoa majibu ya utafiti mkubwa zaidi, unaoitwa DiRECT. Wagonjwa 149 walipewa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida pole pole. Mwaka ulipokwisha, 68 kati yao hawakuwa tena na sukari ya ugonjwa, bila dawa. Waliopunguza kilo 15 au zaidi walifaulu 86 kwa kila 100. Lakini baada ya miaka miwili waliobaki hivyo walikuwa 53. Uzito ukirudi, sukari nayo inarudi.

Hata zamani watu waliona jambo hili. Mji wa Paris ulipozingirwa na maadui mwaka 1870 na chakula kikawa haba, daktari mmoja aitwaye Bouchardat aliona sukari inapotea katika mkojo wa wagonjwa wake. Sisi wakimbizi habari kama hiyo inatuingia haraka, labda haraka mno.

Sasa tutazame dada mkubwa alivyofanya, maana alifanya kwa akili. Kwanza alikwenda kwa daktari. Daktari akamwambia usianze kesho, lete dawa zako zote tuzione. Katika ule utafiti wa DiRECT dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, chini ya macho ya waganga, kwa sababu mtu asiyekula huku anameza dawa ya kushusha sukari anaweza kuanguka. Huyu mama aliondolewa kidonge kimoja, akaachiwa kingine, na presha akapimwa kila wiki.

Chakula je? Wale wa Uingereza walikunywa maziwa na supu za unga uliopimwa kiwandani, vitamini ndani yake. Pwani yetu hiyo hatuna. Alipangiwa yai na chai bila sukari asubuhi, mchana lengalenga na ndagala kavu kiasi cha kiganja, jioni mukeke wa kuchoma na maharage nusu kikombe. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawatoki, ndagala zikakosekana, akaongeza maharage. Mawese ndiyo yaliyomtesa, na yeye ndiye muuzaji! Kijiko kimoja cha mezani cha mawese ni kalori kama 120. Vijiko saba, umemaliza siku nzima bila kugusa chakula. Unga wa muhogo nao, gramu 230 hivi, ni karibu kalori 800. Ukifikiria ugali tunaopakuliwa kwenye msiba, utaelewa.

Kazi yetu sisi walimu ilikuwa daftari. Kila Jumapili anapiga simu, mdogo wake anakuja kututafuta tuandike, kwa sababu yeye kusoma hakubahatika. Tulichora mistari: tarehe, uzito, kiuno, sukari ya asubuhi kabla ya kula, presha, dawa, alichokula, na mwisho mwili unasikia nini. Mstari huo wa mwisho tuliuongeza baadaye, na ndio uliotusaidia kupita yote.

Wiki ya kwanza: toka kilo 96 mpaka 93, sukari toka 214 mpaka 158. Furaha tupu. Wiki ya pili kilo 92, sukari 141. Wiki ya tatu kilo 92 ileile. Alilia kwenye simu, akasema mwili wake umekataa. Tukamwambia soma mstari wa kiuno: kilikuwa 108, sasa 104. Zile kilo za mwanzo nyingi zilikuwa maji, na baadaye mizani inakwenda kwa kuruka, leo haisogei, kesho inashuka. Ndiyo maana tunaomba upime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi, bila viatu wala kitenge cha pili. Anayepima kila saa anajitafutia huzuni bure.

Wiki ya nne sukari ikapanda 187. Hakutaka kusema. Mstari wa chakula ulikuwa umeshasema: Jumamosi arusi, sombe yenye mawese, Fanta mbili. Hakuna aliyemgombeza. Wiki ya nane akafika kilo 86, sukari 121. Daktari amemwambia asijiite amepona. Tangu mwaka 2021 mataifa yalikubaliana kwamba mtu anahesabiwa ugonjwa umetulia kama kile kipimo cha damu kinachoonyesha miezi mitatu kiko chini ya 6,5 kwa mia, na awe ameacha dawa zote za sukari angalau miezi mitatu. Yeye bado anameza kidonge kimoja.

Tumeandika mengi juu ya mkubwa, lakini tulitaka kufika kwa mdogo.

Mdogo alisikia namba za dada yake Jumapili hata Jumapili, naye akaanza kimya kimya. Akala mara moja kwa siku. Fungu lake akawapa watoto, akasema hii ni dawa. Vidonge akaendelea kumeza kama kawaida. Alikuwa na kadi ya zamani ya zahanati ingine iliyoandikwa 176, na kadi mpya iliyoandikwa 9,8, akafikiri ugonjwa umeshuka mara kumi na nane. Kumbe ni sukari ileile! Kuna mashine zinazohesabu kwa namna moja na zingine kwa namna ingine: namba ndogo ukiizidisha kwa 18 unapata kubwa. Nasi tuliokuwa tunamwandikia dada yake kila wiki hatukumuuliza hata mara moja yeye amekula nini. Hilo linatuuma mpaka leo.

Asubuhi moja wanafunzi wakaja mbio kutuita. Tulimkuta amekaa chini karibu na bomba, anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Jirani akamwahi na maji ya sukari kikombe, bado anaweza kumeza. Kituoni, dakika chache baadaye, mashine ilisoma 54. Chini ya 70 ni hatari. Uzito ulikuwa kilo 47.

Muuguzi alitueleza kwa upole. Wale wa DiRECT wote walikuwa wazito, wagonjwa wa aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, na hakuna aliyekuwa anadungwa insulini. Mtu mwembamba hana yale mafuta ya kupunguza, na anachochoma ni nyama ya mwili wake. Akasema pia kwamba mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua kisukari cha aina ya 5, kinachowapata watu waliokosa chakula cha kutosha, na hao kuwanyima chakula ni kuwaongezea ugonjwa. Hatusemi huyu mama ana hiyo, amepelekwa apimwe zaidi. Anayedungwa insulini naye asiguse sindano wala chakula chake kabla ya kuongea na muuguzi. Wajawazito na wanaonyonyesha, vilevile.

Ndugu, posho ya mtu mmoja ikiwa kamili inahesabiwa kalori 2.100. Ikikatwa, hiyo ni njaa tu, hakuna daktari aliyeipanga.

Sasa mdogo naye ana daftari yake. Mistari ni tofauti kidogo: uzito tunataka upande, tumeongeza kipimo cha mkono kwa ile kamba ambayo akina mama wanaijua kwa watoto, na mstari wa "amekula mara ngapi". Juzi aliandikiwa kilo 49, sukari 148, mara tatu. Dada yake ametuma ndagala kavu kilo mbili kwa gari la Rumonge.

Daftari zilizochorwa ziko shuleni kila Jumatano baada ya masomo. Njoo na kadi yako ya kituo na vidonge vyako vyote ndani ya mfuko, hata vile ulivyoacha kumeza.