Siku Tano na Karatasi ya Maelezo

Mtu wa Gitambi, wilayani Rusizi, Rwanda, hahitaji safari ndefu kufika nchi ya watu. Akishuka tu kuelekea Bugarama, ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi, na ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo. Hadi Burundi ilipofunga mpaka wake mwaka 2024, wafanyabiashara walivuka pande zote mbili asubuhi wakarudi jioni. Wengi hawajui kwamba mtu akivuka mpaka, muda ambao mtuhumiwa anaweza kukaa mikononi mwa wapelelezi unabadilika.

Kongo, ibara ya 18 ya katiba ya 2006 inawapa polisi saa 48 tu, kisha mtu aachiwe au afikishwe kwa mamlaka ya sheria. Burundi ni siku saba, na mwendesha mashtaka anaweza kuziongeza hadi zikawa mara mbili. Rwanda ni siku tano, wala haziongezwi.

Hizo siku tano zimo katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai namba 027 ya mwaka 2019, na anayezitumia ni RIB, ofisi ya upelelezi iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Kabla hazijaisha, faili liwe limefika kwa mwendesha mashtaka, la sivyo mtu aende zake. Baada ya hapo mambo hurefuka: mahakama ikiona inafaa, huamuru akae ndani siku 30 akisubiri kesi, na siku hizo zinaweza kuongezwa. Ndiyo maana jamaa wenye busara huandika siku na saa ndugu yao alipokamatwa. Saa hiyo isipoandikwa, mabishano ya baadaye huwa magumu.

Ndani ya chumba cha mahojiano mtuhumiwa ana haki ya kuambiwa anatuhumiwa kosa gani, kumjulisha wakili au mtu wake mwingine kwamba ameshikiliwa, na kutetewa na wakili huyo. Kunyamaza je? Wakenya wameiandika haki hiyo waziwazi katika ibara ya 49 ya katiba yao ya 2010. Rwanda iliingia mwaka 1975 katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, unaokataza mshtakiwa kulazimishwa kujishuhudia mwenyewe au kukiri kosa. Marekani nako ilibidi mtu aitwaye Ernesto Miranda, aliyekiri kosa baada ya saa mbili za maswali bila kuelezwa haki zake, afike mahakama kuu ya nchi mwaka 1966 ndipo polisi walazimike kusema kwanza, kuuliza baadaye.

Lakini penye hatari kubwa ni mwisho wa mahojiano, pale karatasi inapogeuzwa kuelekea kwa mtuhumiwa. Wanyarwanda huiita inyandikomvugo. Mpelelezi ameuliza, ameandika, sasa anataka sahihi au alama ya kidole. Mtu amechoka, ana njaa, anataka kwenda nyumbani, anasaini. Miezi mitatu baadaye, mbele ya hakimu, anasema, "Sikusema hivyo," huku sahihi yake ikisema kinyume.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Bugarama kinasikika kila kona. Hata hivyo, mgeni wa Uvira, Kongo, anaweza kukijua vizuri na asiweze kusoma sentensi moja ya Kinyarwanda. Huyo aombe mkalimani kabla ya swali la kwanza. Asiyejua kusoma aombe asomewe, neno kwa neno, na palipokosewa parekebishwe kabla hajagusa kalamu.

Mtoto ni habari nyingine. Chini ya miaka 14 hashtakiwi kwa kosa la jinai, na kuanzia hapo hadi 18 lazima awe na wa kumtetea.

Gharama ya wakili ndiyo huwakatisha tamaa wengi. Asiyekuwa na uwezo aulizie MAJ, ofisi ya msaada wa kisheria iliyoko katika kila moja ya wilaya 30 za Rwanda, Rusizi ikiwemo. Ushauri wake hautozwi hata faranga moja.